Nyumba Isiyo na Roshani

Sisi tuliolelewa na filamu za Kihindi tunamjua mama wa Kihindi hata kabla hajafungua mdomo. Sari nyeupe, ujane, kikohozi, kazi ya vibarua mchana kutwa ili mwanawe asome. Na huyo mwana ni wa kiume, siku zote. Katika Mother India ya mwaka 1957, Nargis anavuta jembe mwenyewe shambani kama ng'ombe, analea wanawe kwa njaa, na mwisho anampiga risasi mmoja wao kwa ajili ya heshima ya msichana wa kijijini. Katika Deewaar ya mwaka 1975, ndugu wawili, mmoja polisi na mwingine mhalifu, ukiondoa ngumi na bastola, wanagombea nani abaki na mama. Tulilia sana. Sikumbuki kama niliwahi kujiuliza mama huyo angekuwaje kama angezaa binti.

Swali hilo nililikuta ukubwani, kwenye riwaya za wanawake wa India, ambazo nimezisoma kwa tafsiri za Kiingereza kwa kuwa Kibengali, Kihindi na Kitamil sivijui. Nilitegemea kukutana na mfumo dume wenye masharubu: baba mkali, mume mlevi, mzee wa ukoo. Wapo, lakini mara nyingi wamekaa chumba cha pili. Anayemshika msichana mkono na kumpeleka kwenye maisha asiyoyataka ni mwanamke mwenzake, na mara nyingi anampenda. Hilo ndilo limenifanya niandike makala hii.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, jikoni, karne ya 19.

Rassundari Devi alizaliwa Bengal karibu mwaka 1810, akaolewa akiwa na miaka 12. Alizaa watoto 12. Kwenye kundi lake la kijamii iliaminika kwamba mwanamke akijua kusoma atafiwa na mume, yaani kitabu mkononi mwa mke ni kama sumu kwenye chakula. Akiwa na miaka ishirini na kitu, alichomoa ukurasa mmoja wa kitabu cha dini cha mumewe, akachukua na jani la mtende ambalo mwanawe alikuwa akijifunzia kuandika, akavificha jikoni. Huku anapika, chini ya ushungi, alikuwa akilinganisha herufi za huku na za kule. Hakuwa na mwalimu. Miaka mingi baadaye aliandika Amar Jiban, maana yake Maisha Yangu, kitabu kinachohesabiwa kuwa tawasifu ya kwanza katika lugha ya Kibengali. Siyo ya kwanza ya mwanamke tu: ya kwanza kabisa.

Watu hupenda kukitaja kitabu hicho kwa sababu ya ule ukurasa jikoni, na wana haki. Mimi kilichonikaa ni jambo jingine. Mama yake Rassundari alikuwa mgonjwa wa kufa, na binti hakuruhusiwa kwenda kumwona. Kazi za nyumba, watoto, wakwe, ruhusa. Mama akafa. Anaandika kwa uchungu kwamba angezaliwa mtoto wa kiume, angeruka kama ndege mpaka kwa mama yake. Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Mumewe hakuwa mkatili, mwenyewe anasema hivyo. Ni utaratibu tu. Msichana akishaolewa anakuwa mali ya nyumba nyingine, na mama aliyemzaa anageuka mgeni wa kuombewa ruhusa.

Sheria nayo ilikuwa upande gani? Kanuni ya adhabu ya wakoloni Waingereza ya mwaka 1860 iliweka miaka 10 kuwa umri ambao mume anaweza kumwingilia mkewe bila kosa. Kumi. Mwaka 1889 msichana wa Calcutta aitwaye Phulmoni, wa miaka kumi au kumi na moja, alikufa kwa majeraha aliyoyapata usiku chumbani na mumewe, mtu wa miaka thelathini na kitu. Mume alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Mama wa marehemu alitoa ushahidi mahakamani, akaeleza alivyomkuta mwanawe. Kelele za kesi hiyo ndizo zilizosaidia kupitisha sheria ya 1891 iliyopandisha umri mpaka 12, na hata hapo maelfu waliandamana Calcutta kuipinga, wakisema serikali ya kigeni inaingia kwenye vyumba vya watu. Bal Gangadhar Tilak, shujaa wa uhuru, alikuwa miongoni mwa wapinzani. Ukisoma historia ya harakati za ukombozi, wa India au wa kwingine, ni vizuri kuuliza kila shujaa alisema nini kuhusu chumba cha kulala. Mwaka 1929 ikaja sheria ya kuzuia ndoa za utotoni: wasichana 14, wavulana 18.

Hapo katikati, mwaka 1909, Ashapurna Devi alizaliwa Calcutta.

Huyu ndiye nataka tukae naye. Bibi yake alikataa katakata wajukuu wa kike kupelekwa shule. Kaka zake walisoma na mwalimu nyumbani, yeye akakaa mbele yao akisikiliza, na husimuliwa kwamba kwa sababu alikuwa upande wa pili wa kitabu, herufi alizijua zikiwa kichwa chini kabla hajazijua zikiwa wima. Mama yake, Saralasundari, alikuwa mlevi wa vitabu. Hakuwa na uwezo wa kumshinda bibi kuhusu shule, lakini vitabu viliingia ndani na wasichana walisoma kila kilichoingia. Ashapurna alichapisha shairi lake la kwanza kwenye jarida la watoto mwaka 1922, akiwa na miaka 13. Muda mfupi baadaye akaolewa. Aliandika maisha yake yote akiwa mke wa nyumbani, anapika, analea, na usiku anaandika. Mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Jnanpith, ambayo ndiyo kubwa ya fasihi nchini India. Shule hakukanyaga.

Kazi yake kuu ni riwaya tatu: Pratham Pratishruti (1964), Subarnalata (1967) na Bakul Katha (1974). Mama, binti, mjukuu. Karibu miaka mia ya Bengal imepita ndani ya nyumba, na barabarani tunatoka mara chache. Vita, maandamano na uhuru vinasikika kama redio ya jirani.

Satyabati, wa riwaya ya kwanza, ni mtoto wa tabibu wa kijijini. Ana ulimi. Anajifunza kuandika kwa kuiba, na akibanwa anauliza: mungu wa elimu, Saraswati, si mwanamke? Sasa dhambi iko wapi? Baba yake, mtu mwenye msimamo na mwenye kuogopwa, anashindwa kujibu na kwa siri anajivunia. Lakini huyohuyo baba alishamwoza akiwa mdogo, kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya. Satyabati anakwenda kwa mume asiye na uti wa mgongo na mama mkwe anayeitwa Elokeshi, anapigana kwa miaka, anafaulu kumhamishia mume na watoto Calcutta, anasoma, anawafundisha wanawake wengine kusoma. Na ana binti, Subarna. Kwa binti huyu ndiyo ametunza ahadi yake yote: huyu atasoma shule, huyu hataolewa mtoto.

Subarna hajafika miaka kumi. Baba yake anamchukua kwenda kijijini kumsalimia bibi. Elokeshi, akiona mjukuu amekua bila kuolewa na mama yake mkaidi hayupo, anafanya mambo haraka. Satyabati anafika kijijini na kukuta binti yake ni bibi harusi.

Hakulia. Hakumpiga mtu. Aligeuza gari la ng'ombe palepale na kuondoka, akaiacha familia yote, akaenda zake Kashi, mji mtakatifu, kwa baba yake, kumuuliza maswali aliyokuwa nayo tangu utotoni. Riwaya inaishia hapo.

Niliposoma mara ya kwanza nilipiga kofi la mapaja. Mwanamke! Wachambuzi wengi nao humchukulia hivyo: Satyabati ndiye aliyevunja mlango. Kisha nikafungua riwaya ya pili, na furaha yangu ikaanza kupata aibu. Kwa sababu Ashapurna, tofauti na sisi tunaopenda mashujaa, alibaki nyuma na yule mtoto. Mama ameondoka kwa heshima zake zote. Subarna amebaki amesimama uani na nguo za harusi.

Subarnalata, kwa hiyo, ni riwaya ya binti wa shujaa. Kwa wakwe zake anajulikana kama mtoto wa mwanamke aliyekimbia. Kila akiuliza kitu, mama mkwe wake Muktakeshi anamrushia mama yake usoni. Hana shule tena. Ana mume, Prabodh, ambaye si mbaya kupindukia, ana wivu tu, na uoga, na hamu ya usiku. Anazaa, anazaa tena. Na anataka kitu kimoja kidogo, ambacho ndicho kilichonifanya nikipende kitabu hiki kuliko vyote: familia inajenga nyumba mpya, naye anataka roshani.

Roshani tu. Mahali pa kusimama na kuona barabara. Neno lenyewe sisi tunalo, limetufikia kutoka Uajemi kwa njia ya bahari; Wahindi nao walilichukua kutoka hukohuko, kwao roshni ni mwanga. Prabodh anamwahidi: roshani itakuwepo. Siku ya kuhamia, Subarna anapanda ngazi mbio, anazunguka chumba hadi chumba, anacheka, anadhani mumewe anamficha ili amshtukize. Anazunguka tena. Hakuna. Haikuwahi kuwepo kwenye mchoro. Mume alisema ndiyo kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi kuliko kubishana. Na roshani ya nini? Mke wa mtu aonwe na wapita njia?

Nimesoma ripoti nyingi za ukatili dhidi ya wanawake, kazi yangu inanilazimisha, na kuna zenye damu kuliko hii. Lakini zile mbio za Subarna chumba hadi chumba sijazipata kwenye ripoti yoyote. Hapo hakuna kofi lililopigwa. Huwezi kufungua kesi. Ukimsimulia mtu atakwambia, sasa hiyo nayo?

Miaka inakwenda, Subarna anaandika kumbukumbu zake kwa siri. Ndugu mmoja wa ukweni ana mashine ya kuchapia, anampelekea. Kitabu kinarudi kimechapwa vibaya, karatasi mbovu, makosa kila mstari. Wanaume wa nyumba wanakipitisha mkono kwa mkono wakicheka, na kati yao wamo wana aliowazaa. Subarna anabeba nakala zote hadi juu ya paa na kuzichoma. Binti yake mdogo, Bakul, anaona moshi. Bakul ndiye atakayekuja kuwa mwandishi, na kwa mujibu wa hadithi ndiye anayetusimulia yote haya, ya mama na ya bibi, kwa sababu yale yaliyoandikwa na mama yake yaliungua.

Sasa, ingekuwa filamu, Subarna angekuwa mtakatifu. Ashapurna hakubali. Subarna ana hasira, ana maneno makali, anaaibisha watoto wake mbele za watu. Mabinti zake wakubwa, Champa na Chandan, wanaolewa mapema, wanageuka wake wema wa kawaida na kumdharau mama yao. Wanamwona kero. Mapambano ya mama hayakuwafikia kama zawadi; yaliwafikia kama kelele ndani ya nyumba. Nadhani ni jambo la kweli sana na ni nadra kuandikwa. Tunapenda kuamini kwamba mama mpambanaji huzaa mabinti wapambanaji. Satyabati alimzaa Subarna, sawa. Subarna alimzaa Bakul, sawa. Lakini alimzaa na Champa, na Champa naye ana hoja: alitaka mama wa kumsuka nywele, si mama wa kupigana na dunia.

Riwaya ya tatu sitaichelewesha. Bakul ni mwandishi maarufu, hajaolewa, anawatazama wasichana wa kisasa kwa macho ya shangazi. Ina maneno mengi na malalamiko kuhusu vijana. Mwandishi mwenyewe, nadhani, hakuwa na hakika kama uhuru huu uliokuja ndio ule ulioahidiwa.

Turudi kwa wale wanawake wenye mkono mzito, Elokeshi na Muktakeshi. Kirahisi tungesema ni watu wabaya. Lakini angalia wanachokishika. Kwenye nyumba ya ukoo ya Bengal, funguo za stoo na makabati hufungwa kwenye pindo la sari la mama mwenye nyumba. Hiyo ndiyo serikali yake. Aliingia humo mtoto, akatumikishwa na mama mkwe wake, akangoja miaka thelathini mpaka funguo zikahamia kwake. Anakuja msichana anayesema mfumo mzima ni batili. Anachosikia mama mkwe ni kwamba miaka yake thelathini ilikuwa bure. Atakubali vipi? Ardhi si yake, jina si lake. Sheria ya urithi ya Wahindu ilimpa binti haki ya kurithi mali ya baba mwaka 1956 tu, na haki sawa na kaka zake katika mali ya ukoo ilingoja mpaka marekebisho ya 2005. Kwa hiyo mwana wa kiume ndiye pensheni, na mke wa mwana ndiye wa kutawaliwa. Na kuna wanaofanya hivyo kwa mapenzi kabisa. Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshamkumbuka Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia bintiye utenzi wa mawaidha karibu mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Alikuwa anampa mtoto wake ramani ya nyumba atakayoishi. Aliyeijenga nyumba hiyo si yeye.

Baada ya uhuru, mabinti walisoma. Je, mambo yalibadilika kati yao na mama zao? Shashi Deshpande, katika The Dark Holds No Terrors ya mwaka 1980, ana Saru, daktari kabisa, mwenye gari na wagonjwa. Utotoni mdogo wake wa kiume alizama maji naye akiwepo. Mama yake alimwambia, kwa maneno ya wazi, kwamba ni yeye aliyestahili kufa. Saru anakuwa daktari kwa sehemu kubwa ili kumkomoa mama huyo, anaolewa na mtu ambaye mama hamtaki, na ndoa inapogeuka jinamizi (mume hawezi kuvumilia kwamba mke anaheshimiwa kuliko yeye, analipiza usiku) anarudi nyumbani kwao. Mama ameshakufa. Amebaki baba mzee, mpole, ambaye wakati ule wote hakusema neno. Ukimya wa huyo baba, kwangu, ndio ukurasa muhimu zaidi wa riwaya. Saru amemaliza nguvu zake zote kumchukia mama, na baba amekaa pembeni anachemsha chai, safi kabisa.

Na kuna hadithi fupi ya Ambai, mwandishi wa Kitamil, ambayo nashauri isomwe na kila mwenye mama. Msichana wa miaka 13 anapata hedhi ya kwanza wakati mama yake amesafiri. Wanawake waliopo wanamtisha kwa minong'ono. Yeye anamngoja mama, maana kwake mama ni uzuri wote wa dunia, mama atamweleza. Mama anarudi amechoka na ana hasira: alikwenda kwenye posa ya binti wa dada yake, posa imekataliwa kwa sababu msichana ni mweusi. Anaambiwa habari za bintiye, mweusi naye. Anachosema ni kwamba mzigo mwingine umeongezeka, na haraka yote hiyo ilikuwa ya nini. Basi. Sentensi moja, na mama huyo hajui hata kama amesema kitu. Kichwa cha hadithi kinasema mama ameua. Hata hivyo nikimfikiria sasa, namwona mtu aliyetoka kuhesabu mahari ya mpwa na akaanza kuhesabu ya mwanawe.

Nje ya riwaya, kuna mama mmoja niliyependa kumkuta. Mary Roy wa Kerala, Mkristo wa Kisiria, mwenye watoto wawili na ndoa iliyovunjika, aliipeleka familia yake mahakamani. Sheria ya Travancore ya mwaka 1916 ilimpa binti robo ya fungu la kaka yake au rupia 5,000, ile iliyo ndogo. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya India ilimpa ushindi, na wanawake wa jamii yake wakapata haki sawa ya urithi. Bintiye ni Arundhati Roy, ambaye katika The God of Small Things ya 1997 aliandika juu ya Ammu, mama aliyeachika, asiye na haki yoyote kwenye nyumba ya wazazi wake. Binti huyohuyo ameeleza waziwazi kwamba mama yake alikuwa dhoruba nyumbani na kwamba aliondoka kwake akiwa msichana ili aweze kuendelea kumpenda. Mama aliyepigania mabinti wa wote, na binti wake aliyelazimika kumkimbia. Namfikiria Champa tena.

Mwaka jana, likizo, nilimsimulia mama yangu kisa cha Satyabati. Tulikuwa tunachambua mchele. Nilikisimulia kwa mbwembwe, hasa pale pa kugeuza gari la ng'ombe, nikitegemea atashangilia. Akaendelea kuchambua.

"Na mtoto?"

"Mtoto alibaki kwa wakwe."

"Mama yake hakurudi kumchukua?"

Nikamweleza kwamba isingewezekana, alikuwa ameshaolewa, kisheria ni mke wa mtu.

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa hivi."

Aliusukuma ungo pembeni, akanitazama kama mimi ndiye niliyeliendesha lile gari.